Nafasi Yangu ya Kanada

Jumatatu, 5 Julai 1982

Leo naanza daftari. Mimi ni Margwe Hhando wa Endasak, umri miaka sitini na mbili, meno yote yapo isipokuwa matano. Mwaka juzi sikujua hata herufi moja. Leo nina cheti cha hatua ya nne ya kisomo cha watu wazima, nimekitia fremu, kimetundikwa juu ya kitanda. Mke wangu Bernadina anasema kinavuta nzi. Wivu!

Sababu ya daftari ni kwamba ninakwenda Kanada. Mwanachuo lazima awe na daftari.

Si mzaha. Shamba la ngano la serikali, lile la kule tambarare lenye wataalamu wa Kanada, limetangaza nafasi ya kusomea ngano huko kwao. Chuo kikuu! Nauli juu yao, chakula juu yao, koti la baridi juu yao. Kijiji chetu kimepewa fomu moja. Moja tu! Na fomu hiyo imekwenda kwa nani? Kwa binti yangu Hilaria, ambaye Ulaya amekwisha kwenda na akarudi.

Niandike ukweli, daftari ni langu. Mwaka juzi Hilaria alipelekwa chuo kikuu Rumania. Baridi ikamshika kifua. Wenzake wakiwa kwenye mtihani, yeye yuko hospitali. Mwaka haujaisha, akarudishwa. Alishuka hapa Endasak na sanduku la bati na kikohozi, watu wakampa jina: Mrudi. Wakimwona kisimani, Mrudi. Kanisani, Mrudi. Tangu siku hiyo hasemi sana. Anafundisha kisomo, anatuvumilia sisi wazee na a-e-i-o-u, jioni anakaa na vitabu vyake vilevile vya Rumania anavisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Sasa anataka kuanza upya. Mwaka wa kwanza, kama mtu ambaye hakuwahi kwenda.

Nami nauliza: kama ni kuanza upya, nani katika kijiji hiki ameanza upya mara nyingi kuliko mimi? Nilifuga nyuki, wakahama. Nilishika duka la kijiji, wakaniomba ufunguo. Nikawa mlinzi wa shamba la ngano, mwezi wa nne wamenifukuza kwa sababu ya mbuzi kumi na mmoja waliokutwa ndani ya ngano. Ni kweli walikuwa mbuzi wangu. Lakini mbuzi wa hatari ni yule usiyemjua. Hawa nilikuwa nawajua kwa majina! Aliyenishtaki ni mlinzi mwenzangu, Nicodemo Qamara, na kiti changu cha getini sasa amekikalia yeye.

Tena Hilaria aliugua kwa baridi. Mimi nimelinda ngano miaka sita, kila Julai upepo wa Mlima Hanang unanipiga, nina shati moja. Kanada itanifanya nini?

Mkono unauma. Nimejaza kurasa mbili. Hata profesa angepumzika.

Jumanne, 6 Julai

Nimekwenda shambani kudai haki. Kwa miguu hadi Mogitu, kisha lori la magunia.

Getini nani? Nicodemo. Sare mpya, bakora, tumbo mbele. Akasema kila mgeni anaandika jina, kijiji na shida yake kitabuni. Huku anatabasamu! Alikwisha nifungulia kikopo cha wino wa kidole gumba. Nikamwambia afunge kikopo chake, anipe kalamu. Nikaandika: MARGWE HHANDO. ENDASAK. CHUO KIKUU.

Ilichukua muda kidogo. Nyuma yangu likasimama lori la dizeli, trekta mbili na mama wa uji na ndoo yake. Lori likapiga honi. Siharakishwi! Herufi G ina kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nicodemo akasema ngano iliyovunwa leo itaota tena kabla sijafika mwisho wa mstari. Wote wakacheka, mama wa uji pia. Nimeweka akilini sura yake.

Afisa Mafunzo ni kijana mmoja anaitwa Theodory. Kaunda suti, ndevu tatu. Shikamoo amenipa akiwa amekaa! Nikanyamaza. Nikanyamaza mpaka akaelewa, akasimama, akaitoa upya. Nikasema marahaba, nipe fomu ya Kanada. Akaniuliza cheti. Nikakiweka mezani pamoja na fremu yake. Akakitazama sana, mkono mdomoni. Akasema hii ni hatua ya nne ya kisomo, mzee wangu, wao wanataka kidato cha sita. Nikamuuliza nne na sita zinapishana nini. Mbili tu! Hizo mbili nitazisoma njiani, ndege inakwenda mchana kutwa.

Akasema pia mwisho wa umri ni miaka thelathini na mitano. Nikamwambia mimi nimezaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja mara nyingi, hakuna mwenye uhakika ni nzige wepi.

Akaanza kukohoa, machozi yakamtoka. Sijui anaumwa nini. Alipopona akanieleza: kila kijiji fomu moja, ya Endasak iko kwa Hilaria, na irudi hapa Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Mkuu wa wataalamu, Mkanada mmoja wanamwita Bwana Dagi, anaondoka siku hiyo kwenda Arusha na fomu zote. Isiyofika, basi. Na isiyo na sahihi ya mzazi haipokelewi.

Nikamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia. Sahihi ya mzazi.

Mzazi ni nani? Mzazi ni mimi! Nimetoka ofisini nikitembea kama shamba ni langu.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Kiwanja cha shule kimejaa. Ngoma, hotuba, mahindi makubwa yamepangwa mezani, yangu hayakuwekwa. Nikaomba kutoa salamu kwa niaba ya wakulima. Hakuna mkulima aliyenituma, lakini hakuna aliyekataa pia. Nikawatangazia kwamba nafasi ya Kanada inakwenda kwa Margwe Hhando. Wakapiga makofi! Wengine wakapiga mpaka wakainama wakishika mbavu. Mmoja akapiga kelele akasema nisalimie theluji.

Hilaria alikuwa amesimama na wanafunzi wake wa kisomo. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakina kamba. Akakaa ameinama hapo mpaka hotuba ya mwingine ilipoanza.

Nyumbani Bernadina akanivamia kabla sijavua kofia. Ati, Baba Hilaria, umri huu unatafuta nini Kanada, wewe uliyepotea hata mnadani Katesh. Sikupotea! Nilikuwa natazama mji. Ati mtoto amechekwa mwaka mzima, amekaza roho, ameomba tena, na baba yake mwenyewe anapanda jukwaani kumnyang'anya mbele ya kijiji. Ati akirudishwa safari hii kabla hata hajatoka, atajificha wapi?

Nimemjibu kwa hekima kwamba hakuna anayemnyang'anya mtu. Natangulia. Nikishajua njia, nitamwita.

Ugali wa leo ulikuwa wa baridi.

Alhamisi, 8 Julai

Mwanachuo hawezi kupanda ndege na shati la mlinzi. Nimekwenda Katesh kwa Zubery, mwenye duka. Nilipanga saa vizuri: ni mwezi wa Ramadhani, Zubery amefunga, nikafika saa kumi jioni wakati hana nguvu za kubishana. Kweli hakubishana. Akanitolea koti jeusi la marehemu mkwe wake. Mikono inafika kwenye kucha, lakini kitambaa ni kizito. Ameniazima kwa ahadi kwamba nikirudi nimletee turubai la Kanada.

Nikamuuliza nimependeza? Akasema, mzee Margwe, mimi nimefunga, usinitie kwenye majaribu ya kusema uongo. Mkewe, Mwamvita, alikuwa nyuma ya pazia. Pazia lilitikisika sana.

Nimerudi nikamkuta Hilaria ananisubiri mlangoni, fomu mkononi, kaishika kwa kitambaa isichafuke. Ameijaza yote kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ule wake wa kulala upande mmoja. Imebaki nafasi moja chini. Akapiga goti, akasema, "Baba, naomba sahihi."

Nikamwambia sahihi ipo, lakini kwanza aandike jina langu karibu na lake. Akasema mstari ni mmoja. Nikamwambia karatasi ina ukingo, ukingo umewekwa kwa kazi gani?

Akainuka. Kisha akasema maneno mengi kwa mara moja, jambo ambalo halifanyi tena siku hizi. Kwamba Rumania alilala wiki tatu anatazama dirisha, anajua leo ni mtihani wa hesabu, kesho ni wa mimea, keshokutwa ni wa udongo, na yote inapita. Kwamba watu wanadhani alifeli. Hakufeli, hakuingia hata chumbani. "Baba, nataka niingie tu kile chumba. Nikae mpaka kengele ilie. Hata nikipata sifuri, itakuwa sifuri yangu."

Maneno mazuri. Sikatai. Lakini mimi je, nani ameniuliza kama nataka sifuri yangu?

Nimemwambia nitaweka sahihi nikiwa tayari. Fomu nimeichukua, iko kwenye mfuko wa ndani wa koti. Koti nimelivaa. Nitalala nalo.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekasirika. Naandikia ghalani, maana ndani ya nyumba hakuna anayesema nami. Niandike kwa mpangilio ili ijulikane nani ana makosa.

Leo ilikuwa siku ya kubariki safari. Watu wote wa hapa wanajua kilichomwangusha Hilaria Rumania: lori lilikuja mapema, akaondoka kabla wazee hawajamtemea pombe ya baraka kifuani. Padri alimwombea, sawa. Lakini Padri hatemi. Kwa hiyo safari hii Bernadina alitengeneza pombe ya asali siku nyingi kabla, wazee wakaitwa, akaja mzee Akonaay, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote hapa na mdomo wake unaaminika hadi Nambis.

Akonaay akauliza, msafiri ni nani? Nikasimama. Hilaria naye akasimama. Wazee wakatazama pombe. Akonaay akasema kwake si tabu, anaweza kubariki wawili, mate bado anayo.

Hapo nikapata wazo. Msafiri anabarikiwa kifuani. Fomu ikikaa kifuani kwangu wakati huo, baraka na fomu na mimi tunakuwa kitu kimoja, hata Mkanada hawezi kututenganisha. Nikaitoa. Nikaikunjua yote. Nikaishika kifuani kwa mikono miwili kama picha ya mtakatifu. Hilaria akasema, "Baba!" Lakini Akonaay alikwisha jaza mdomo.

Sijaona mtu anayebariki kama Akonaay. Aende salama, puu! Tukaitikia. Kifua kiwe kizima, puu! Tukaitikia. Barabara inyooke, wageni wampende, njaa isimwone, puu, puu, puu! Maombi yalikuwa tisa, na kila ombi lilikuwa na mdomo wake uliojaa.

Nilipoitazama fomu, ilikuwa bluu. Yote! Jina la Hilaria limeteremka mpaka kwenye tarehe ya kuzaliwa. Shule zake zote zimechanganyika zikatiririka mpaka nafasi ya mzazi. Koti nalo limelowa bluu.

Wino gani huu! Nilimwambia tangu mwanzo atumie penseli. Penseli haitishwi na pombe. Nimewaambia wazee wote waziwazi kwamba kiwanda kilichotengeneza wino huo kifungwe. Akonaay akasema baraka yake haina kosa, aliilenga kwa mtu, karatasi ndiyo iliyoingia njiani.

Hilaria aliichukua fomu, akaitandaza juu ya jiwe kwenye jua, akaweka kokoto nne kwenye pembe, akakaa kando yake. Wazee wakamaliza pombe, wakaaga, yeye yuko palepale. Jua likaondoka kwenye jiwe, yuko palepale. Hakulia. Bora angelia, ningejua la kusema.

Jumamosi, 10 Julai

Siku kubwa! Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Alfajiri nimevaa koti, nimeichukua fomu kwenye jiwe, imekauka imekuwa ngumu kama chapati ya juzi. Nia yangu, naiandika wazi, ilikuwa kumwonyesha Bwana Dagi ubaya wa wino na kudai fomu safi, yangu. Mlangoni Bernadina akanizuia. Akasema nikirudi bila fomu safi ya mtoto wake, nikaishi na wale mbuzi ninaowajua kwa majina. Sikuipenda sentensi hiyo.

Lori la magunia nikalipata Mogitu, limejaa, nikapanda juu. Saa tano niko getini. Nicodemo akasema leo ni mavuno, kitabu kimefungwa. Nikamwambia nina shida na Bwana Dagi mwenyewe. Akasema, "Mwanachuo, rudi darasani." Na geti akalifunga mbele ya pua yangu!

Basi nikazunguka. Ua wa shamba hilo naujua kila tundu, mbuzi wangu walinionyesha. Nikaingia ndani ya ngano. Ngano imefika tumboni, nyeupe kwa kukauka, huoni mwisho. Ng'ambo ya pili nikaona gari la Bwana Dagi, mizigo imefungwa juu, moshi unatoka. Anaondoka! Kati yangu na yeye kombaini tatu zinakuja zimefuatana. Nyekundu, kubwa kama kanisa la Endasak, mdomo mbele unazunguka unakula ngano.

Kuzunguka ningechelewa. Nikasimama mbele ya ile ya kwanza. Mkono mmoja juu, wa pili na fomu. Sikusogea hata hatua. Watu watasema ni ushujaa, na waseme. Ukweli magoti yalikataa kazi.

Ikasimama. Hatua nne kutoka kwenye vifungo vya koti! Breki nzuri sana. Ya pili ikasimama nyuma yake, na ya tatu. Kukawa kimya. Shamba zima la serikali limesimama kwa ajili ya Margwe Hhando.

Dereva alinitukana kwa lugha tatu. Mbili nazijua. Nicodemo akaja mbio, bakora juu, anapiga kelele kwamba hakunifungulia, hakunifungulia. Theodory akaja. Na Bwana Dagi mwenyewe akaja, kofia pana, uso kama nyanya.

Sikumngoja aanze. Nikasema mimi ni Margwe, hatua ya nne, mstahimilivu wa baridi, nimedhulumiwa na wino. Theodory akatafsiri huku anajifuta jasho. Bwana Dagi akaichukua fomu. Akainusa. Akaninusa mimi. Akainusa tena fomu. Theodory akamweleza mambo ya kubariki, kwa mikono na mdomo, puu, mpaka dereva wa kombaini naye akawa anasikiliza.

Bwana Dagi akauliza kama najua kuandika kweli. Nani? Mimi? Nikatoa daftari hili! Theodory akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akatafsiri. Nikasikia Rumania. Nikamwambia siyo hapo, ageuze, asome palipo na cheti. Hakugeuza. Nikasikia Hilaria, nikasikia tena Hilaria. Alipofika pale pa Mrudi alisoma polepole. Bwana Dagi akavua kofia, akatazama chini kwenye mabua.

Akauliza nani alinifundisha kuandika hivi kwa mwaka mmoja na nusu. Nikasema Hilaria, lakini kichwa ni changu. Akanitazama mimi, koti, fomu ya bluu, kombaini tatu. Akasema neno. Theodory akatafsiri: "Bwana Dagi anasema, aliyeweza kumfundisha mzee huyu hatashindwa na chuo kikuu chochote duniani."

Sifa kubwa. Nimeipokea.

Kisha akatazama saa, akasema njia ya Arusha inapita Endasak, atasimama dakika kumi, huyo binti ampe majibu mwenyewe. Akatoa fomu safi kwenye mkoba. Theodory akapanda nyuma, mimi nikapanda mbele! Tulipofika getini nikamwambia Nicodemo afungue milango yote miwili. Mmoja ungetosha.

Hilaria tulimkuta anapukuchua mahindi. Alipoona gari alisimama hivyohivyo, punje zikamwagika kutoka kwenye kanga. Akanawa mikono, akajaza fomu juu ya boneti, boneti la moto, anaandika huku anainua viganja. Bwana Dagi akamuuliza kitu kwa Kiingereza. Theodory akaninong'oneza: anauliza kwa nini ampeleke mtu aliyekwisha rudi. Hilaria akajibu. Alijibu kwa muda mrefu, hakuinamia viatu. Sikuelewa hata neno, lakini Bwana Dagi alizima injini ili asikie.

Ikabaki sahihi ya mzazi.

Wote wakanitazama. Hapa sasa! Nafasi moja, fomu moja, na kalamu iko mkononi mwangu. Nikautazama ukingo. Ulikuwa mpana. Nikamtazama Hilaria. Ameuma kifuniko cha kalamu kwa meno ya pembeni, kama alivyokuwa akiuma kijiti utotoni akingoja nimpasulie muwa.

Nikaandika. Mahali palepale panapotakiwa. G nimeitendea haki. Bwana Dagi alitazama saa mara mbili. Siharakishwi!

Ukingoni nimeongeza kidogo tu, herufi ndogo: NA BABA YAKE PIA.

Jumanne, 27 Julai

Barua imekuja. Hilaria amepata.

Nimeisoma mwenyewe mbele ya watu wote, mbele na nyuma. Habari ya baba yake pia, hakuna. Hata mstari! Nahisi kulikuwa na ukurasa wa pili umeanguka posta.

Bernadina amepiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Hilaria ameingia ndani, akafunga mlango, na huko ndiko alikolia. Mambo yake yako kinyumenyume.

Nicodemo ametoka shambani kwa miguu ati kuja kunipongeza. Amenishika mkono, akasema hongera, baba wa mwanachuo. Baba wa! Tangu lini mtu akapanda ndege kwa jina la baba wa? Nimemkaribisha chai kwa sababu ya desturi tu. Amekunywa vikombe vitatu.

Koti nimelirudisha kwa Zubery. Idi imekwisha, sasa anakula mchana, nguvu za kubishana zimemrudia zote. Ameligeuza ndani, akaona bluu. Nimemweleza kwamba koti lake limebarikiwa mara tisa bila malipo. Haelewi. Anataka turubai mbili.

Jumapili, 29 Agosti

Hilaria ameondoka na basi la asubuhi. Walewale waliomwita Mrudi ndio waliogombania kubeba sanduku lake la bati. Mmoja alitaka kunisukuma. Nikalibeba mimi.

Akonaay amemtemea tangu saa kumi na mbili. Nyaraka zote Bernadina alizifungia ndani ya sufuria, akazikalia.

Ameniachia penseli tatu. Akapiga goti, nikamwekea mkono kichwani, akasema, "Baba, uandike kila siku." Nikamwambia mimi sipangiwi.

Basi lina vumbi sana. Macho yananiuma mpaka sasa.

Jumatatu, 13 Desemba

Barua ya Hilaria kutoka Kanada! Nyembamba, kama ganda la kitunguu. Bernadina amenisomesha mara nne, mara ya tano mbele ya Padri.

Anasema theluji imefika kwenye magoti. Kifua kizima. Anasema alifanya mtihani wa kwanza, wa udongo. Aliingia chumbani mapema kuliko wote, akakaa mpaka kengele ikalia, wenzake wametoka yeye bado amekaa tu, msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Amepata alama hamsini na nane. Si nyingi, lakini amefaulu. Chini ameandika: "Baba, asante kwa sahihi."

Sahihi! Na kombaini je? Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi na nimeona wazi kabisa. Watu wanakaa na vyeti vyao ofisini, wanajaza fomu kwa adabu, wanangoja, wanapata nini? Hawapati kitu. Margwe amesimama mbele ya mashine mara moja tu, akapewa fomu safi, kiti cha mbele na neno zuri la Mzungu. Kosa langu lilikuwa moja: nilisimama peke yangu, ndiyo maana nafasi ikatoka moja.

Darasa la kisomo sasa nafundisha mimi, tangu Hilaria aondoke. Hakuna aliyeniteua, lakini chaki nilikuwa nayo. Leo nimewaeleza wanafunzi wangu wote saba. Wamekubali. Akonaay atasomea udaktari. Kila mmoja amechagua mahali pake pa kusimama, nimechora ubaoni, wazee wenye magoti mabaya mbele kwa kuwa hawatakimbia.

Mchana nimekwenda hadi getini kuulizia. Nicodemo amecheka mpaka akashika nguzo. Ati mavuno yamekwisha, mzee, kombaini zimefungiwa bandani, hazitoki mpaka Julai.

Acheke. Februari wanapanda. Trekta nazo zina breki.